Pua ya Mkunga

Fundi aliyeitwa kuitengeneza sanamu ya Mkunga Mkuu alianza kazi yake kwa kutema mate. Alichukua kijiti, akakizungushia pamba nchani, akakitia mdomoni kama mtoto mwenye pipi, kisha akakibingirisha taratibu juu ya kidole gumba cha mguu wa sanamu. Pamba ikatoka nyeusi. Kidole kikabaki na rangi ya mtu aliyetoka kuoga.

Metroni, aliyekuja kumkaribisha, alirudi nyuma hatua mbili.

"Unamtemea mate mwanzilishi wa hospitali?"

"Namwosha," alijibu fundi bila kuinua uso. "Huyu ni jasi, plasta ileile mnayofungia mifupa. Maji mengi atayanywa avimbe. Mate yana uvuguvugu, na yana dawa ya kula mafuta. Hakuna duka linalouza kitu bora."

Metroni alikitazama kile kidole kwa muda. Alikuwa mwanamke wa kutoa amri, na kila amri iliyomjia ilionekana kugonga ukuta.

"Basi angalau ufunge mlango," alisema, akaondoka.

Mimi nilikuwa pembeni na dekio langu, nikideki mahali nilipokwisha kudeki. Kuna jambo moja juu ya sanamu ile ambalo hakuna mtu hospitalini aliyelijua isipokuwa mimi: pua aliyokuwa nayo Mkunga Mkuu haikuwa yake. Ilikuwa yangu.

Miaka mitatu nyuma, katika wiki yangu ya kwanza ya kazi, nilikuwa natoa utando wa buibui ukumbini, juu ya kichwa cha sanamu, kwa ufagio wa mpini mrefu. Daktari mkuu akapita nyuma yangu, akanisalimu. Mimi si mtu wa kusalimiwa ghafla. Shule niliiacha darasa la sita, na mojawapo ya sababu ni kwamba mwalimu wetu alipenda kuuliza maswali. Niligeuka na ufagio mzima, mpini ukageuka nami, na pua ya Mkunga Mkuu ikadondoka miguuni pangu, nzima, imetulia kama kifungo cha koti. Daktari alikuwa amekwisha kupita. Hakuwa anangoja jibu.

Niliitia mfukoni mwa aproni. Saa ya chakula nilikwenda kwenye chumba cha plasta, ambacho nilikuwa nakisafisha mimi, nikaokota kipande cha bandeji yenye plasta kilichobaki mezani, nikakilowesha. Nia yangu ilikuwa kuibandika pua ileile. Lakini plasta haingoji mtu anayefikiri. Nilipokuwa bado natafuta upande wa juu na wa chini, donge lilianza kukauka usoni pa mwanzilishi, nami kwa hofu nikalifinyanga liwe pua lenyewe. Sikuwa na kielelezo. Mkono mmoja ulifinyanga, mkono mwingine ulipapasa pua yangu ili ujue kinachofuata. Nikaipaka rangi iliyobaki kwenye kopo la mafundi, nikaondoka.

Kisha nikasubiri kuulizwa. Nilisubiri miaka mitatu.

Mtu mmoja tu aliona tofauti. Alikuwa binti wa marehemu Mkunga Mkuu, mwenyewe sasa bibi wa miaka zaidi ya sabini, aliyekuja kliniki ya presha kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Zamani, walisema wauguzi, alikuwa anaipita sanamu ya mama yake kama anavyopita kabati la mafaili. Baada ya ile pua alianza kukaa kwenye benchi mbele yake, mkoba mapajani, hata baada ya kumaliza kliniki. Siku moja nilimsikia akimwambia muuguzi, "Ajabu. Siku hizi mama anafanana na mama." Nilidondosha sabuni.

Sasa paa la ukumbi lilikuwa limevuja majira yote ya mvua. Rangi ya sanamu ilitoka malengelenge, mkono wa kushoto ukapasuka kwa kutu ya waya uliokuwa ndani, na mtoto mchanga aliyepakatwa akaota madoa ya kijani. Hospitali ilikuwa inakaribia kutimiza miaka hamsini, na wakubwa hawakutaka kuitimiza na mwanzilishi mwenye ukurutu. Ndipo alipoitwa yule fundi, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, ambaye kabla ya saa nne za asubuhi watu wote walikuwa wanamwita Bi Pamba.

Sanamu ililazwa kwenye kitanda cha magurudumu, katika chumba kitupu jirani na chumba cha plasta. Bi Pamba aliidunga gundi kwa bomba la sindano chini ya kila lengelenge la rangi, akalibonyeza taratibu kwa kijiko cha uvuguvugu mpaka lilale. Wagonjwa waliochungulia mlangoni waliona miguu, shuka na sindano, wakaulizana kwa sauti ya chini yule mama anaumwa nini.

Siku ya pili aliniita.

"Binti, njoo. Mimi nameza dawa za presha, mdomo umekauka kama unga. Unatafuna tumbaku?"

Nilitikisa kichwa.

"Kahawa?"

Nilitikisa tena.

"Na sijakusikia ukizungumza tangu nije. Basi mate yako yote yapo. Kaa hapa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msaidizi wa mganga aliyekuwa anapanda, kidole kwa kidole, kuelekea kwenye kosa langu.

Kazi yenyewe niliipenda, na hilo lilizidi kunitia hofu. Ukitoa rangi ya juu kwa ncha ya kisu cha upasuaji, chini yake unakuta nyingine, na chini ya hiyo nyingine. Kila hospitali ilipopakwa rangi ukutani, mafundi walimalizia kopo kwa Mkunga Mkuu. Alikuwa amevaa kijani cha wodini, kisha maziwa, kisha buluu ya vyoo. Chini kabisa, pale mate na pamba vilipofika, palikuwa na gauni jeupe lenye kivuli cha zambarau kwenye kila mkunjo, jepesi hata ungedhani ukilipuliza litapeperuka. Niliona mkunjo wa kwanza ukitokea chini ya kijiti changu nikasahau kupumua.

Bi Pamba alikuwa na daftari la makosa ya waliotangulia, na alilisoma kwa sauti kama hakimu. Kiwiko kilizibwa kwa sabuni ya kufulia. Kucha zilipakwa nyekundu na metroni wa zamani. Sikio la mtoto lilichongwa upya na mtu ambaye, kwa maoni ya Bi Pamba, hajawahi kuona sikio.

"Sheria ya kazi hii ni moja," aliniambia. "Chochote unachoongeza, atakayekuja baada yako aweze kukitoa bila kumuumiza mgonjwa. Hawa walidhani baada yao hakuna atakayekuja."

Kisha akaigonga pua kwa ukucha. Ilitoa mlio mwingine, mzito kidogo.

"Na huku juu kuna mjinga aliyeweka pua ya plasta ya mifupa. Nyuzi za bandeji hizi hapa, zimechomoza kama vinyweleo. Usijali, tutafika."

Kila jioni alipofunga sanduku lake alisema vilevile: tutafika. Tulifika magotini. Tulifika kwa mtoto, tukakaa kwake siku nne. Tulipofika shingoni niliamua kuirudisha pua ya kweli. Nilifikiri nitaiacha mezani kabla hajaja, aikute mwenyewe, kama kitu kilichojileta.

Niliishi na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, fundi cherehani. Pua niliihifadhi kwenye droo ya cherehani yake, ndani ya kitambaa, tangu siku ileile. Jioni hiyo nilifungua droo nikakuta kitambaa kitupu.

"Shangazi, kulikuwa na kitu humu."

"Kitu gani?"

"Cheupe. Kidogo."

"Chaki?" Alichomoa kitu nyuma ya sikio akanipa. "Ulificha chaki nzuri hivi kwa nani? Inaandika kwenye kitambaa kizito bila kukatika. Ya dukani haiwezi."

Nilikigeuza mkononi. Tundu la kulia la pua lilikuwepo, limechongwa vizuri. La kushoto halikuwepo. Mahali pake palikuwa bapa, laini, na pana rangi ya buluu iliyotokana na suruali za wanafunzi.

"Shangazi, hii ni pua."

Alivaa miwani yake. Alinitazama mimi kwanza, kisha chaki, kisha mimi.

"Ya nani?"

Nilimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nalia na yeye alikuwa anajizuia asicheke, na katika nyumba ya chumba kimoja ni vigumu mambo hayo mawili kufanyika pamoja. Mwishoni alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima mwanzilishi wa hospitali anapima mapindo ya suruali. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize, 'mwanangu, hii si pua?'" Alishika kidevu changu akanigeuza upande, kwenye mwanga. Pua yetu ni ya ukoo, alikuwa nayo baba na anayo yeye: pana, imepanda katikati kama kilima, na ncha yake inatazama mbele bila aibu. Ni sehemu pekee ya mwili wangu isiyo na aibu. "Na ukampachika hii," alisema. "Masikini mama wa watu. Kawaambie, we mtoto. Hiyo kazi utaipoteza au utabaki nayo, lakini huwezi kuendelea kuisubiri."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nilifika mapema, nikakuta mlango wa chumba uko wazi na watu wamejaa. Bi Pamba alikuwa ameamua leo ndiyo siku ya pua, na alitaka mashahidi. Metroni alikuwepo. Dokta alikuwepo, yaani yule mtaalamu wa chumba cha plasta, ambaye si daktari lakini watu walimwita hivyo naye hakuwahi kuwasahihisha. Na kwenye kiti pekee alikuwa ameketi Bibi, binti wa Mkunga, mkoba mapajani.

Nilikaa mahali pangu, nikachukua kijiti, nikakitia mdomoni. Pua ya kweli ilikuwa mfukoni mwa aproni, imenigusa paja.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Bi Pamba, "nimeambiwa mnataka kuigusa pua. Naomba msiiguse. Mengine yote fanyeni mnavyojua. Lakini pua hiyo ndiyo ya mama. Nani aliitengeneza?"

Kila mtu alimgeukia Dokta, kwa kuwa plasta ilikuwa yake. Dokta alishusha macho kama mtu mnyenyekevu, akarekebisha kola.

"Sisi wengine," alisema, "hatupendi kujitangaza."

"Mungu akubariki," alisema Bibi.

"Ni uzoefu tu, Bibi. Ukishafunga miguu miaka kumi na mitano, mkono unakuwa na akili yake."

"Vizuri," alisema Bi Pamba, akifungua daftari. "Na ile ya zamani umeiweka wapi?"

"Ya zamani?"

"Hapa palivunjika, panaonekana. Pua ya kwanza ilianguka. Ukaifanya nini?"

Dokta alitazama dirisha. Halikumsaidia.

"Kwa sababu kama imetupwa," alisema Metroni, na kalamu ilikuwa imekwisha kutoka mfukoni, "hiyo ni kuharibu mali ya hospitali na kuficha. Nitaandika barua leo hii."

"Ngojeni kidogo," alisema Dokta. "Plasta ni yangu, sawa. Sijasema pua ni yangu."

"Umesema hupendi kujitangaza."

"Ndiyo. Kwa jumla."

Bi Pamba alininyooshea mkono apokee kijiti. Nilikitoa mdomoni nikampa. Alikitazama, akakigusa kwa kidole.

"Hiki kikavu," alisema. "Wiki tatu umekuwa chemchemi. Leo una nini?"

Nilijaribu kumeza. Hapakuwa na cha kumeza. Ulimi ulikuwa umenata juu kama kitu kilichobandikwa. Nilimwona Metroni akiandika jina la Dokta juu ya karatasi kwa herufi kubwa, nikaona shingo ya Dokta imetoka jasho, mtu aliyewahi kunipa mwavuli wake bila kunisemesha, jambo ambalo kwangu lilikuwa wema mara mbili.

"Ni mimi," nilisema.

Walitazama huku na huku wakitafuta nani amesema. Nikarudia. Na baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Niliwaambia ufagio, na daktari mkuu, na kifungo cha koti, na plasta isiyongoja. Niliwaambia mkono upi ulifinyanga na upi ulipapasa. Bibi aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza, akaendelea kunitazama. Kisha nikaitoa pua mfukoni nikaiweka juu ya shuka.

"Mbona bapa?" aliuliza Bi Pamba.

"Shangazi aliipigia mistari. Ya suruali. Alidhani ni chaki."

Bi Pamba alibadilisha miwani. Alichukua kalamu yake.

"Suruali ngapi?"

"Sijui, mama. Za shule nzima. Na sketi."

Aliandika. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini aliandika mpaka mwisho, akaweka nukta.

Bibi alikuwa ameinama juu ya ile pua ndogo. "Hii ndiyo iliyokuwepo?" alisema. "Ndiyo maana sikuwa namtazama. Yule mchongaji alikuwa anamwogopa mama, akampa pua ya adabu. Pua ya mama ilikuwa inaingia chumbani kabla yake." Alimgeukia Bi Pamba. "Iacheni ya huyu mtoto. Mna hasara gani?"

"Bibi," alisema Bi Pamba, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mchongaji alikosea, lakini lilikuwa kosa lake, na sanamu ni yake. Siwezi kuacha kitu cha kubandikwa wakati cha kwanza kipo, hata nusu. Mimi simtibu mama yako. Natibu sanamu."

Bibi alifunga kifungo cha mkoba wake, akakifungua.

"Na mama yangu anatibiwa na nani?" aliuliza.

Metroni alishusha kalamu.

Bi Pamba alinipa kisu kidogo. "Aliyeiweka ndiye anayejua ilipokamata," alisema. Niliweka kijiti mdomoni, na mate yalikuwa yamerudi, mengi kama ya mtu aliyeona ndimu. Nililainisha ukingo wote, polepole, nikaingiza ncha ya kisu mahali pale chini ya mwanzi wa pua nilipokumbuka kuwa plasta ilinikaukia kabla sijakandamiza. Ilitoka nzima kiganjani. Kwa ndani ilikuwa na alama ya kidole gumba changu, mistari yote, safi kama ya kwenye kitambulisho.

Bibi alitandaza leso. Nikamwekea humo. Aliifunga, akaitia mkobani, akainuka kwenda kupimwa presha, ambayo siku hiyo, walisema wauguzi, ilikuwa juu.

Barua yangu ya onyo ilikuja baada ya siku mbili. Metroni aliandika kwamba nilifanya upasuaji wa uso bila sifa wala kibali, na kwamba kuanzia Jumatatu nimehamishiwa ghorofa ya juu, wodi ya wanaume, kusiko na sanamu. Kwa siku zilizobaki nilimsaidia Bi Pamba. Aliniachia tundu la kushoto nilijaze mwenyewe, kwa unga maalumu unaoyeyuka kwa maji ya uvuguvugu, ili atakayekuja baada yangu akiutaka aufute. Alikaa mbele yangu muda wote.

"Tazama la kulia, ulifuate hilohilo," alisema. "Na huo mkono mwingine uweke mezani niuone."

Mkunga Mkuu alirudi ukumbini na gauni lake jeupe, mtoto wake na pua yake ya adabu. Watu walimsifu sana. Dokta alikuwa anawaeleza wageni namna plasta inavyofanya kazi.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata nilikuwa nadeki ujia wa ghorofa ya juu niliposikia mtu anapanda ngazi, anasimama, anapanda tena. Kilitokea kitambaa cha kichwa, kisha Bibi mwenyewe, ameshika ukuta. Nilikimbia na kiti.

"Bibi, kliniki iko chini."

"Najua iliko." Alikaa mpaka pumzi ikamrudia. Aliweka mkoba mapajani, akaufunika kwa mikono miwili. "Endelea na kazi yako, mwanangu. Mimi nimekaa tu."

Nilichovya dekio, nikalikamua. Sikujua niuelekeze wapi uso.

"Pale dirishani," alisema baada ya muda. "Pale pana mwanga. Hujapadeki."

Nilikuwa nimekwisha kupadeki, na pamekwisha kukauka. Niliisogeza ndoo, nikasimama ubavu kwa dirisha, nikaanza upya, taratibu, kigae kwa kigae. Chini walimwita Bibi jina lake kwa sauti, apande mizani. Wakaita mara ya pili. Yeye hakuinuka, nami sikugeuka.